Kulinganisha Njia za Kujifunza Lugha Mpya: Mwongozo Kamili wa Jaribio la Wiki Nne

Wengi wanaojifunza lugha mpya hukwama mahali palepale. Mtu anaanza na programu ya simu. Baada ya muda anaambiwa programu hazimfikishi mtu popote, anahamia kwenye video. Video zinampendeza, kisha anasikia kwamba bila sarufi anapoteza wakati, anatafuta kitabu. Mwaka unaisha ameshapita njia tano, na ukimuuliza ipi ilimsaidia, hana jibu. Hana jibu kwa sababu hakupima chochote.

Swali la "njia bora ni ipi?" halijibiki kwa kusoma sifa za watu. Anayesifia kadi za kukariri, zenye neno upande mmoja na maana upande wa pili, huenda alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa kuandika. Anayesifia mazungumzo huenda alisoma sarufi miaka minne shuleni kabla ya kufungua mdomo, na hiyo miaka minne haitaji. Kila njia hujenga uwezo fulani na kuuacha mwingine ukiwa mchanga. Kinachobaki ni kuzilinganisha juu yako wewe mwenyewe, kwa muda sawa na kwa kipimo kimoja.

Utahitaji nusu saa kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki nne. Ni muda mfupi kuliko ule ambao wengi huutumia kutafuta njia nzuri bila kujifunza neno hata moja.

## Vitu vya kuandaa

Viandae vyote kabla ya siku ya kwanza. Jaribio likianza huku unatafuta rekodi, nusu saa yako itaishia kwenye kutafuta.

- Daftari na kalamu. Ninasisitiza karatasi, kwa sababu ukifungua simu kuandika alama utakutana na ujumbe.
- Kifaa cha kurekodi sauti. Simu ya kawaida inatosha.
- Saa ya kuhesabu dakika.
- Mada mbili zenye ugumu unaokaribiana, kwa mfano usafiri na afya. Usichukue kujitambulisha kuwa mada, maana kila mwanafunzi ameshagusa salamu na majina.
- Rekodi fupi tatu kwa kila mada, za dakika moja hadi mbili, zenye maandishi yake. Mbili ni za kujifunzia. Ya tatu ifungie, usiisikilize wala kuisoma hadi siku ya mtihani.
- Orodha ya maneno 30 kwa kila mada, yaliyotoka kwenye zile rekodi mbili za kujifunzia.
- Mtu mmoja anayeijua lugha hiyo vizuri, utakayemwomba asikilize rekodi zako mara mbili tu.

Onyo: usilipie kozi wala programu yoyote kabla ya wiki nne kwisha. Ukishalipa, utaitetea njia hiyo hata kama alama zinaikataa.

## Hatua ya 1: Andika kazi unayotaka lugha ikufanyie

"Nataka kujua Kifaransa" si kazi. "Nataka kufanyiwa usaili wa kazi kwa Kifaransa kwa dakika 20" ni kazi. "Nataka kusoma makala za kilimo kwa Kiarabu bila kamusi" ni kazi. "Nataka kumwelewa mama mkwe anaponisimulia jambo kwenye simu" nayo ni kazi, tena ngumu kuliko inavyoonekana, kwa sababu kwenye simu huoni uso wala mikono.

Ninaanza hapa kwa sababu kipimo chote kinategemea sentensi hii. Njia inayomwandaa mtu kwa usaili inaweza kumwacha msomaji wa makala bila msaada wowote.

Andika pia muda ulio nao, na uwe mkweli. Foreign Service Institute, chuo kinachofundisha wanadiplomasia wa Marekani, imekuwa ikikadiria takriban saa 600 hadi 750 za darasani kwa Kihispania au Kifaransa, na saa 2,200 kwa Kiarabu, Kichina, Kijapani na Kikorea. Makadirio hayo ni ya watu ambao lugha yao ni Kiingereza, wanaosoma kutwa nzima na walimu. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili hesabu inabadilika. Lugha nyingine ya Kibantu itamjia haraka, kwa sababu ngeli na vitenzi vinavyobeba viambishi ameshavizoea. Kiarabu kitampa maneno mengi anayoyatambua tayari. Kichina, chenye toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana ya neno, kitadai masikio yajifunze upya.

Nusu saa kila siku ni takriban saa 180 kwa mwaka. Linganisha na namba hizo ujue unachokitarajia. Anayeahidiwa ufasaha ndani ya miezi mitatu kwa dakika kumi kwa siku anadanganywa.

Umefaulu hatua hii ikiwa mtu mwingine akisoma sentensi yako anaweza kusema, bila kukuuliza, siku gani utakuwa umeitimiza.

## Hatua ya 2: Jipime kabla ya kuanza

Chukua mada ya kwanza. Washa kinasa sauti, zungumza juu yake kwa dakika mbili bila kujiandaa na bila kusoma popote. Fanya hivyohivyo kwa mada ya pili. Kama hujui neno hata moja, rekodi huo ukimya. Nao ni kipimo.

Kisha funika upande wa lugha mpya kwenye orodha ya maneno, soma maana ya Kiswahili, na useme neno. Andika umepata mangapi kati ya 30 kwa kila mada.

Sababu ya kurekodi badala ya kukumbuka tu ni kwamba baada ya wiki chache utasahau ulikuwa dhaifu kiasi gani. Wengi huacha lugha wakiamini hawajasonga, ilhali wamesonga na hawana ushahidi.

Onyo: ukigundua unajua maneno 15 ya mada moja na matatu ya nyingine, badilisha mada. Mizani ikianza imeelemea upande mmoja, matokeo hayana maana.

## Hatua ya 3: Elewa kila njia inajenga nini

Usiipite hatua hii haraka. Hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo.

### Sarufi na tafsiri

Unasoma kanuni, unafanya mazoezi ya kuandika, unatafsiri sentensi. Kwa mtu mzima, kanuni moja iliyoelezwa vizuri inaweza kumwokolea wiki za kubahatisha. Anayejifunza Kifaransa akishaelezwa kwamba kukanusha huzunguka kitenzi, *ne* mbele na *pas* nyuma, ataanza kulisikia umbo hilo kila mahali, na atatambua mapema kwamba katika mazungumzo ya kawaida *ne* mara nyingi humezwa.

Udhaifu wake ni kasi. Mtu anayezungumza nawe hakusubiri upekue kanuni kichwani. Ndiyo maana kuna waliosoma lugha miaka mingi, wanafaulu mitihani, na simu ikilia kwa lugha hiyo wanampa mwingine apokee.

### Kadi za marudio

Mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, yakionyesha kwamba usahaulifu huenda kasi mwanzoni, kisha hupungua kasi. Kadi zinatumia jambo hilo: unarudia neno karibu na wakati ambao ungelisahau, na kila ukilipata, muda wa kusubiri unarefushwa.

Sebastian Leitner alieleza mwaka 1972 mfumo wa visanduku ambao hauhitaji umeme. Kadi mpya inakaa kisanduku cha kwanza na kupitiwa kila siku. Ukijibu sawa inahamia cha pili, kinachopitiwa kwa nafasi kubwa zaidi, na hivyo hivyo hadi cha tano. Ukikosea, inarudi cha kwanza hata kama ilikuwa imefika mbali. Programu kama Anki hufanya kazi hiyohiyo kwa hesabu zake.

Kwa kubakiza msamiati, sijaona njia inayozishinda kadi kwa kila dakika unayotumia. Lakini kuna tabia moja inayoziharibu, nayo ni ya kawaida sana: mtu anaangalia swali, hajibu, anageuza kadi, anaona jibu, anajiambia "hili nilikuwa nalijua", anaihamisha mbele. Hakulijua. Sema jibu kwa sauti kabla ya kugeuza, na lisipotoka ndani ya sekunde chache, umekosea.

Jambo lingine: andika sentensi fupi kwenye kadi, si neno peke yake. Neno lililokaririwa bila jirani zake halijui likae wapi siku ya kuzungumza.

### Programu za masomo kwenye simu

Zina nguvu moja ya kweli: zinakurudisha kila siku. Kwa wiki za mwanzo, hasa ukijifunza herufi mpya kama za Kiarabu au za Kijapani, zinasaidia sana.

Tatizo ni kwamba maswali yake mengi yanataka utambue jibu, si ulitoe kichwani. Kuchagua neno moja kati ya manne ni kazi nyepesi kuliko kulitafuta pasipo na chaguo lolote. Pointi na mfululizo wa siku vinahesabu kufungua programu. Kujua lugha ni hesabu nyingine. Ukiitumia, funika machaguo kwa kiganja, sema jibu lako, ndipo ufunue.

### Kusikiliza na kusoma kwa wingi

Mwanaisimu Stephen Krashen ndiye anayejulikana zaidi kwa kutetea kwamba lugha hupatikana kwa kuelewa ujumbe ulio juu kidogo ya kiwango chako. Wanaomfuata husikiliza na kusoma saa nyingi, bila mazoezi ya sarufi.

Sehemu kubwa ya hoja hiyo ninaikubali. Hakuna aliyewahi kuijua lugha vizuri bila kuisikia au kuisoma kwa wingi mno. Hata hivyo mtafiti Merrill Swain, mwaka 1985, alipowachunguza wanafunzi wa Kanada wazungumzao Kiingereza waliokuwa wakifundishwa masomo yao kwa Kifaransa, aliona kwamba walielewa vizuri, lakini kuzungumza na kuandika kwao kulibaki nyuma. Hoja yake ni kwamba kulazimika kutoa lugha humfanya mtu agundue asichokijua. Mwenye kuelewa anaweza kuruka viambishi na bado akapata maana. Mwenye kusema hawezi kuviruka.

Ugumu wa njia hii kwa anayeanza ni kupata kitu anachoweza kukielewa. Tumia kipimo hiki: chukua maneno 100 mfululizo ya maandishi, hesabu usiyoyajua. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba msomaji anahitaji kujua karibu asilimia 98 ya maneno ili aelewe hadithi bila msaada. Yaani mawili tu kati ya mia. Yakiwa matano, utasoma kwa taabu ukiwa na kamusi. Yakiwa 20, hicho si kitabu cha kusoma kwa wingi, ni fumbo. Tafuta vitabu vilivyorahisishwa kwa wanafunzi na usione haya.

Onyo: filamu yenye maandishi ya Kiswahili chini haihesabiki. Macho yanasoma, masikio yanapumzika. Weka maandishi ya lugha unayojifunza, au yaondoe kabisa.

### Mazungumzo

Ukizungumza na mwalimu, rafiki au mwenza wa kubadilishana lugha, mapengo yako yanajitokeza papo hapo. Unajua neno la "daktari", unajua "kesho", lakini "ningependa kuahirisha" halipo. Pengo hilo usingelijua kwa kusoma.

Hatari mbili. Ya kwanza, mtu huzunguka ndani ya maneno yaleyale anayoyamudu na kuona anaongea vizuri. Ya pili, wasikilizaji wana huruma. Watakuelewa, watakusifu, hawatakusahihisha. Kwa hiyo kila kikao kiwe na mada, na mwisho wake mwombe mwenzako akutajie makosa mawili uliyoyarudia zaidi. Mawili yanatosha, kumi hutayakumbuka.

Programu za akili mnemba zinazoongea ni mwanzo mzuri kwa mwenye aibu, kwa kuwa hazichoki wala hazikucheki. Lakini zinasema kwa unadhifu, hazikukatizi, hazimezi maneno kama watu, na maelezo yake ya sarufi huweza kuwa ya makosa yaliyosemwa kwa uhakika. Zitumie kwa mazoezi, kisha uende kwa watu.

### Kufuatisha sauti

Unacheza rekodi na kusema pamoja na msemaji, nyuma yake kidogo tu, bila kuisimamisha. Njia hii hujenga matamshi na mwendo wa sentensi. Mzungumzaji wa Kiswahili, aliyezoea irabu tano, mara nyingi hasikii tofauti ya *tu* na *tout* za Kifaransa hadi ajirekodi na kujilinganisha na rekodi. Kwa kuelewa na kwa msamiati, njia hii peke yake haitoshi.

### Darasa

Darasa ni mahali pa njia kadhaa zilizochanganywa, kwa hiyo uliza swali moja: katika saa hiyo, mimi mwenyewe nitasema kwa dakika ngapi? Wanafunzi 20 wakizungumza kwa zamu kwa saa nzima, kila mmoja anapata dakika tatu.

### Kabla hujachagua

Usichague kwa kusema "mimi hujifunza kwa kuona" au "mimi ni mtu wa kusikia". Mwaka 2008 mwanasaikolojia Pashler na wenzake walipitia tafiti zilizokuwepo juu ya mitindo hiyo ya kujifunza, wakakuta hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtu kwa mtindo anaoupenda kunamfanya ajue zaidi. Unachokipenda kina uzito kwa sababu utakirudia. Hilo daftari lako litalipima baadaye.

## Hatua ya 4: Chagua njia mbili na urushe sarafu

Chagua mbili tu. Tatu zitakugawanyia muda hadi usione tofauti.

Chagua zinazotofautiana kweli. Kadi dhidi ya programu ya simu ni jaribio dhaifu, maana zote mbili ni maswali na majibu. Kadi dhidi ya kusikiliza kwa wingi, au sarufi dhidi ya mazungumzo, zitakuambia kitu. Kama huna pa kuanzia, mimi ningeanza na kadi zenye sentensi dhidi ya mazungumzo, kwa sababu hapo ndipo wengi hubishana bila kupima.

Sasa rusha sarafu kuamua njia ipi inapata mada ipi. Usiamue mwenyewe. Bila kukusudia, utaipa njia unayoipenda mada iliyo rahisi.

Rekodi mbili za kujifunzia ndizo malighafi ya njia zote mbili. Mwenye kadi anatengeneza kadi kutoka humo. Anayesikiliza anazisikiliza hadi azielewe, kisha anatafuta nyingine za mada ileile. Anayezungumza anazitumia kama chanzo cha maswali.

## Hatua ya 5: Fanya kazi kwa wiki tatu ukipokezanisha siku

Jumatatu njia ya kwanza, Jumanne ya pili, na kuendelea hivyo, Jumapili pumziko. Kwa wiki tatu kila njia itapata vikao tisa, yaani saa nne na nusu. Tunapokezanisha ili wiki ya uchovu isiangukie njia moja.

Kila kikao, andika mstari mmoja wenye mambo manne: tarehe, njia, dakika za kweli na mahali ulipokwama. Mfano:

*Alhamisi. Mazungumzo. Dakika 22 kati ya 30. Nimeshindwa kusema "nilikosa gari la kwanza", nikasema "gari, hapana, kwanza".*

Dakika za kweli ni zile ulizokuwa unafanya kazi. Kutafuta rekodi, kujibu ujumbe, kupanga kadi kwa rangi, vyote toa. Safu hii huwashangaza watu kuliko nyingine zote: njia inayoonekana haifai mara nyingi ndiyo iliyopewa dakika 12 za kweli.

Safu ya mahali ulipokwama iandike kwa maneno yako yaleyale uliyoyasema, pamoja na kosa lake. "Nimekosea wakati uliopita" haitakusaidia baada ya wiki mbili. "Gari, hapana, kwanza" itakukumbusha hasa kilichokosekana.

Onyo: ukikosa siku, usiifidie kwa saa nzima kesho yake. Andika "nilikosa" na uendelee. Kukosa nako ni data.

Umefaulu hatua hii ikiwa mwishoni mwa wiki ya tatu una mistari 18, hata kama michache inasema "nilikosa".

## Hatua ya 6: Wiki ya nne, usiziguse mada hizo

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ukiiruka, jaribio lote linaharibika.

Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walichapisha mwaka 2006 jaribio ambalo wanafunzi walisoma kifungu cha maandishi. Baadhi walikisoma tena, wengine walijipima kwa kukikumbuka bila kukiangalia. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma tena walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki, waliojipima ndio waliokuwa mbele.

Maana yake kwako ni hii: ukijipima jioni ya kikao cha mwisho, njia iliyo laini itashinda, kwa sababu maneno bado ni mabichi kichwani. Unataka kujua kilichobaki, na hilo linajulikana baada ya siku saba za kutokigusa.

Wiki hii usikae bure. Jifunze mada ya tatu isiyohusiana, au soma sarufi ya jumla. Kadi za mada zile mbili zifunge kwa kamba.

## Hatua ya 7: Fanya mtihani

Siku ya saba ya pumziko, tenga saa moja. Kwa kila mada fanya sehemu tatu, kila moja ikiwa na alama kumi.

Kusema. Zungumza dakika mbili, kama Hatua ya 2, na urekodi. Sikiliza mara moja ukihesabu sentensi kamili zinazoeleweka, mara ya pili ukihesabu ukimya wa zaidi ya sekunde tatu. Jipe alama moja kwa kila sentensi, usizidi kumi, kisha toa nusu alama kwa kila ukimya.

Kusikia. Fungua ile rekodi uliyoificha. Isikilize mara mbili bila kusimamisha, kisha andika kwa Kiswahili ulichoelewa. Linganisha na maandishi yake. Gawa rekodi katika mambo kumi yaliyosemwa, uhesabu uliyoyapata.

Maneno. Yaleyale 30, kutoka Kiswahili kwenda lugha mpya, kwa sauti. Gawanya jumla kwa tatu.

Rekodi zako za kusema zitume kwa yule mtu anayeijua lugha, bila kumwambia ni njia ipi ilitumika wapi. Usimuulize "naongea vizuri?" kwa kuwa atasema ndiyo. Muulize: "Umeelewa nini hapa?" Akirudia ulichokusudia, sentensi zako zimefika. Akisimulia jambo jingine, punguza alama ulizojipa.

## Hatua ya 8: Soma matokeo bila kujipendelea

Katika kusema na maneno, toa kwanza ulichokuwa nacho mwanzo, ubaki na kilichoongezeka. Kisha rudi kwenye sentensi ya Hatua ya 1. Sehemu ya mtihani iliyo karibu na kazi yako izidishe kwa mbili. Mwenye usaili azidishe kusema. Mwenye simu ya mama mkwe azidishe kusikia. Bila uzito huo, kadi zitashinda sehemu ya maneno na mazungumzo yatashinda sehemu ya kusema, nawe utabaki pale ulipokuwa. Mtu hupata kile alichokizoeza, na lazima uamue unachokitaka.

Tofauti ya alama moja au mbili usiihesabu. Maneno 30 na wiki nne ni kipimo kidogo, na mada moja ingeweza kuwa nyepesi bila wewe kuona. Tofauti ikiwa kubwa, na kazi yako ni ya lazima, rudia jaribio kwa mada mpya mbili.

Alama zikilingana, fungua daftari uangalie siku zilizokosekana. Njia ambayo hukuikosa hata mara moja ndiyo yako. Lugha inataka mamia ya saa, na njia usiyoitumia haifundishi.

Zote mbili zikiwa na alama duni, usizilaumu njia bado. Angalia dakika za kweli, kisha angalia ugumu wa rekodi. Mara nyingi sana rekodi ilikuwa ya wazawa wanaoongea kwa kasi yao, na mwanafunzi bado ni wa mwezi wa kwanza.

## Hatua ya 9: Jenga ratiba kutokana na ulichokipata

Njia iliyoshinda si ya kutumiwa peke yake. Paul Nation, mtaalamu wa ufundishaji wa lugha, anapendekeza muda wa kujifunza lugha ugawanywe karibu sawa katika sehemu nne: kusikiliza na kusoma kwa kuelewa, kusema na kuandika kwa kueleweka, kusoma lugha yenyewe kama sarufi na msamiati, na kuzoeza kasi kwa vitu unavyovijua tayari. Hiyo ya nne ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo dawa ya ukimya wa sekunde tatu. Ufanye hivi: simulia jambo moja kwa dakika nne, lisimulie tena kwa tatu, kisha kwa mbili.

Mgawanyo huo uchukue kama msingi, halafu usogeze kidogo kuelekea kazi yako. Mwenye usaili aliyegundua mazungumzo yanamfaa anaweza kupanga siku tatu za kuzungumza, siku moja ya sarufi ya makosa aliyosahihishwa, na siku mbili za kusikiliza usaili wa watu wengine, kadi zikichukua dakika tano za mwanzo kila siku. Msomaji wa makala ataigeuza: siku nne za kusoma, siku moja ya sarufi, na siku moja ya kuandika muhtasari wa alichosoma.

Ukiwa mwanzoni kabisa, ongeza kadi na sarufi, kwa sababu bila maneno ya msingi hakuna utakachokielewa wala kukisema. Ukishaweza kusoma vitabu vilivyorahisishwa, punguza kadi na uongeze kusoma.

Kila baada ya wiki 12 rudia mtihani wa Hatua ya 7 kwa mada mpya, na uhifadhi rekodi zote kwa tarehe. Alama zikikaa palepale vipimo viwili mfululizo, badilisha kitu kimoja tu, ama njia, ama ugumu wa unachosikiliza, ama dakika, kisha upime tena baada ya wiki nne.